Jina Kwako, Kitenzi Kwangu

Yamumbi, Eldoret
12 Februari 2011

Wifi Nyakio,

Ukiuona mwandiko huu usishtuke, hakuna aliyekufa. Mama yuko sawa. Ni goti tu linamsumbua, na analisema vibaya kana kwamba ni jirani. Kule nyumbani Kaptich mahindi yalikubali mwaka huu. Yule ng'ombe mweupe uliyekuwa ukimkamua amezaa ndama dume mwenye sura kama ya diwani wetu. Mimi bado nafunza Kiswahili na Jiografia hapa mjini, bado sijaolewa, na wanaume wa Eldoret bado hawajajua wanakosa nini. Faith na Kiptoo waendeleaje? Faith lazima ameanza kujibu watu vibaya. Hiyo ni damu ya kwetu, usijilaumu.

Sasa nije kwa kilichonikalisha chini. Unajua ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuandika makala na mtu mwingine yeyote akaja kuisahihisha? Mwaka jana wanafunzi wangu waliniambia kwamba Kaptich haipo, kwa sababu waliitafuta kwa intaneti wakaikosa. Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nikaandika makala nzima. Nikaeleza ilipo, kando ya barabara ya kwenda Burnt Forest, nikaweka mto, shule, kisiagi, josho la ng'ombe. Nilitembea na kichwa juu wiki nzima.

Juzi nimeifungua nikakuta imebandikwa kibandiko juu: eti makala hii na makala iitwayo "Githima" zinahusu mahali pamoja, inapendekezwa ziunganishwe. Nikaifungua hiyo Githima. Mto ule ule. Shule ile ile. Josho lile lile, na maelezo kwamba pasta aliwahi kutumbukia humo na suti yake akatoka bila kupe hata mmoja.

Nyakio, tulioona pasta akitumbukia tulikuwa watatu, na mmoja wetu ni pasta.

Kwa hivyo ni wewe. Miaka mitatu simu zangu hushiki, halafu nakukuta kwa intaneti umeniibia kijiji ukakipa jina lingine. Nakuandikia kwa posta kwa sababu barua huwezi kuikata katikati ya sentensi. Nijibu.

Wifi yako upende usipende,
Jelagat


Nyahururu
5 Machi 2011

Jelagat, mwalimu wa watu,

Barua yako ilikaa kwa meza ya mkuu wa shule siku nyingi, alidhani ni ya mtu anaomba kazi. Mimi bado ni karani hapo. Mama yangu, Wahu, anakusalimu, au tuseme hajanikataza kukuandikia. Faith yuko darasa la sita na ni kweli anajibu watu vibaya. Kiptoo amekuwa wa kwanza katika hesabu. Kuna mwalimu alimshauri atumie jina lingine hapa shuleni, lisilo na Kip ya watu wa kwenu ndani yake, ili asisumbuliwe. Akamuuliza mwalimu kama yeye naye angependa kubadilishiwa lake. Basi likaisha.

Umenisalimia mpaka ndama. Kuna mmoja umemruka. Sikuulizi. Nakuonyesha tu kwamba macho yangu bado yanafanya kazi.

Kuhusu makala: shule ililetewa kompyuta, na kijana aliyekuja kutufundisha alituambia kila mtu aandike kuhusu kwao. Wenzangu wote waliandika kuhusu Nyahururu. Mikono yangu ilipotulia nikaona nimeandika Githima. Sikuiba. Sisi tuliochota maji pale tuliita mahali hapo kisima, kwa lugha yetu, na wazazi wa jirani zangu waliita hivyo kabla mimi sijaja kuolewa kwenu. Nyinyi mlipaita kwa jina la ng'ombe, sisi kwa jina la maji, na hakuna aliyewahi kupotea njia.

Lakini nilisoma makala yako mpaka mwisho, pale penye mwaka wa 2008 na vita vya uchaguzi kati ya watu wenu na wetu. Umeandika: "Baadhi ya wakazi walihama." Wifi, wanaohama ni nyumbu. Wao huvuka mto, watalii wakapiga picha. Mimi nilitoka na watoto wawili na sufuria moja, na nyumba yangu ikiwaka nyuma yangu, imewashwa na vijana niliokuwa nimewapikia chai Krismasi. Makala yangu inasema "walifukuzwa", na itaendelea kusema hivyo.

Mimi, nyumbu,
Nyakio


Yamumbi
30 Machi 2011

Nyakio,

Kwanza nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka. Mama amefurahi sana kusikia kuhusu Kiptoo na hesabu. Amesema akili hiyo imetoka kwake. Mvua imeanza, na barabara ya kwetu imerudi kuwa uji.

Niliandika "walihama" kwa sababu darasani kwangu mna watoto ambao nyumba zao zilichomwa, na wamekaa dawati moja na watoto ambao kaka zao walikuwa na kiberiti. Kila siku naingia na chaki naomba Mungu tufike kengele. Nilitafuta neno ambalo wote wanaweza kulisoma bila mmoja wao kuinuka. Ukilipata bora zaidi, nitumie.

Huyo niliyemruka ana jina. Anaitwa Vincent, ni kaka yangu na ni mume wako, na ukitaka habari zake mwandikie yeye. Mimi si posta.

Sasa tuna tatizo kubwa kuliko wewe na mimi. Ile kamusi ina wasimamizi wanaoitwa wakabidhi, na mmoja ameshika kesi yetu. Anajiita Fasaha. Sijui ni wa wapi, lakini Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nilimwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba hii mahali naijua tangu nizaliwe. Akajibu, "Ndugu mchangiaji, si hii mahali, ni mahali hapa." Mimi! Ninayefunza Kiswahili! Wanafunzi wangu wakiona hiyo nimekwisha. Amesema tukishindwa kukubaliana jina moja na maelezo mamoja, ataziunganisha yeye.

Mama anauliza kama mtu akishaandikwa humo anapewa hati ya shamba. Nimemweleza mara tatu kwamba siyo ofisi ya ardhi. Amesema basi kelele zote hizi ni za nini.

Jelagat


Nyahururu
21 Aprili 2011

Wifi,

Huku wote wazima, salamu zingine utapata siku nyingine, leo nina hasira.

Umeona alichofanya Fasaha? Ameziunganisha. Amefuta jina lako, amefuta jina langu, na sasa kwetu kunaitwa "Shamba Namba 71". Nilimuuliza ametoa wapi. Akasema ndilo jina pekee alilolikuta limechapishwa, kwa ramani ya wapima ardhi wa enzi za wazungu. Eti Kaptich na Githima hayana rejeo la kuaminika. Nikamwambia mimi nimezaa watoto wawili hapo, hilo ni rejeo. Akanishukuru kwa mchango wangu.

Najua Eldoret yenyewe iliwahi kuitwa Sisibo kwa sababu ya namba ya shamba, 64 ya Kiingereza, na watu wakazoea. Mimi sizoei. Afadhali Kaptich mara mia. Umenisikia? Nimeyasema mara moja, na nikiulizwa nitakana.

Fanya kitu. Wewe ndiye uliye karibu.

Nyakio


Yamumbi
16 Mei 2011

Wifi yangu mpenzi (ona hasira zinavyotupatanisha),

Mama alipoelezwa kwamba anaishi Sabini na Moja aliuliza kama ni jela. Goti limepata dawa ya kupaka inayonuka nyumba nzima.

Nimefanya kitu. Nimekaa maktaba ya mjini Jumamosi mbili nikipekua magazeti ya zamani, na nimetupata. Ukurasa wa michezo: msichana mmoja alishinda mbio za nyika mkoani, na mwandishi akataja kwamba amezaliwa Kaptich. Ni mstari mmoja tu, na jina la msichana wameliandika vibaya, lakini Kaptich wameliandika sawa. Nimemtumia Fasaha tarehe na ukurasa. Amekubali. Amesema, nanukuu, "Hoja yako ina mashiko." Nilitaka kumbusu na kumpiga kofi.

Sasa shida ni Githima. Nilitafuta, kweli nilitafuta. Hakuna gazeti lililowahi kuliandika. Fasaha anasema bila rejeo haliwezi kuwa kichwa cha makala, labda litajwe ndani tu. Usiniambie nilitafuta kwa jicho moja.

Jelagat


Nyahururu
12 Juni 2011

Jelagat,

Mama yangu alianguka kwa ngazi za kanisa, hajavunjika, ila amevunja urafiki na aliyezipangusa. Watoto wako katikati ya muhula. Kiptoo ameniuliza kama Kaptich kuna baiskeli. Nimemwambia kulikuwa na moja.

Naamini ulitafuta. Gazeti lingetuandika vipi? Nyinyi mlikimbia na namba kifuani, mkapimwa muda, mkapewa kikombe. Sisi tulikimbia pia, wifi, mwezi wa kwanza 2008, na nadhani kuna wengine tulivunja rekodi. Hakukuwa na mwandishi kwa utepe.

Nimefikiri siku nyingi, na pendekezo langu ni hili. Chukua jina. Makala iitwe Kaptich, na ndani pakae mstari kwamba wakazi wengine walipaita Githima. Mimi nataka neno moja tu. Nipe kitenzi. Andika "walifukuzwa", na uandike wewe kwa akaunti yako, ili watu wa kwenu wakiuliza nani ameandika, wakute ni mtoto wa kwao na siyo mimi niliye mbali nikirusha maneno.

Najua ninachokuomba. Ukikataa sitakulaumu, lakini pia sitakuandikia tena.

Nyakio


Yamumbi
20 Julai 2011

Nyakio,

Nimeandika. Jina lako halipo tena juu, kitenzi changu hakipo tena ndani, tumebadilishana. Fungua uone: "Mwezi Januari 2008 wakazi wengi walifukuzwa makwao na nyumba zao zikachomwa." Hilo ana rejeo lake Fasaha mwenyewe, ripoti zipo tele, hakusumbua. Nilibonyeza kuhifadhi, na mkono ukabaki hapo hapo kama umenasa.

Haikupita muda. Mtoto wa mtu alisoma, akamsomea babake, na Jumapili baada ya kanisa wazee wanne wakafika kwa Mama, Kipkirui mwenye kisiagi akiwa msemaji. Nilikuwa hapo. Walitaka kujua kwa nini binti yake anawaanika kwa ulimwengu mzima. Kipkirui alisema neno hilo ni la uongo, watu wale walitoka wenyewe kwa hofu.

Mama aliacha kupaka goti. Akawauliza, "Kama hamkuwafukuza, wako wapi? Mke wa mwanangu yuko wapi? Nionyesheni." Akawaambia chai iko tayari kwa anayetaka. Wawili walikunywa. Kipkirui aliondoka, na sasa tunasaga mahindi yetu mbali, gunia kichwani.

Lakini ndugu yangu, tulikubaliana neno moja. Kwa nini umeongeza? Mtu asiye na akaunti ameandika chini ya sentensi yangu hivi, na naiweka kama ilivyo:

wanaume wengine wa kaptich walifuata bibi zao mpaka kambini eldoret wakafika kwa lango wakarudishwa na mawe wakaenda tena mara ya pili ikawa hivyo hivyo

Fasaha ameifuta kwa sababu haina rejeo. Ikarudi. Akaifuta. Ikarudi. Ukitaka kusema jambo kama hilo, Nyakio, sema kwa jina lako. Na weka hata nukta.

Jelagat


Nyahururu
25 Septemba 2011

Jelagat,

Najua nimechelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi. Watoto wazima, mama yangu mzima, kazi ipo.

Si mimi niliyeandika.

Nitakueleza kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ile Vincent alitupitisha kwa mahindi yaliyokauka mpaka kituo cha polisi. Alimbeba Kiptoo mgongoni. Akatuambia tupande lori la kwenda kambi ya waliofukuzwa kule Eldoret, yeye arudi amwangalie mama yenu, halafu atakuja. Alisema, "Nakuja." Hivyo tu. Nilikaa kambini wiki tano. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kila aliyeingia nilimtazama uso. Wanawake wenzangu waliniambia mume kutoka upande ule hawezi kuja, ameshachagua. Wiki ya tano nilipanda gari nikaja huku, nikabadilisha laini, na nikajiambia nimeolewa na mtu wa maneno mawili.

Sasa nimesoma hiyo sentensi na nimekumbuka. Nilikuwa kwa foleni ya unga. Langoni kukawa na kelele, vijana wa kambini wanarusha mawe na kupiga mbinja, na mwanamke mbele yangu akasema wameshika mwizi. Sikugeuka, nilikuwa naogopa kupoteza nafasi yangu.

Wifi, ni nani mwingine Kaptich anayeandika bila nukta na bila herufi kubwa? Barua zake za uchumba zilikuwa hivyo. Nilimkubali haraka ili apumue.

Muulize. Mimi siwezi. Nimejaribu kuushika huo mwanzo wa swali na umenishinda.

Nyakio


Yamumbi
14 Oktoba 2011

Nyakio,

Leo sina habari za goti.

Nilienda nyumbani Jumamosi nikamkuta Vincent kwa josho, ananyunyizia ng'ombe dawa. Nilimwambia moja kwa moja kwamba nimeona aliyoandika. Aliendelea kunyunyizia. Nikamwambia pia kwamba umeona wewe. Hapo akaweka bomba chini.

Alinieleza amesimama, bila kunitazama. Alipowaacha kituoni alirudi kwa Mama, na siku ya tatu akaja mjini kwa miguu kupitia mashamba, kwa sababu barabara ilikuwa na vizuizi vya vijana wetu wenyewe, na mwanaume wa kwetu anayemfuata mke wa kwenu alikuwa anaitwa msaliti. Akafika lango la kambi. Wakamuuliza jina. Alitaja. Basi. Alipokuwa anakimbia simu ilianguka. Alirudi mara ya pili, na mara hiyo jiwe lilimpata hapa juu ya sikio. Hilo kovu mimi nimeliona miaka mitatu, nikidhani ni teke la ng'ombe.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Namba yako mpya ningempa, angeomba tu. Akasema, "Ningemwambia nini? Kwamba watu wake walinipiga mawe, wakati wangu walikuwa wanachoma nyumba yake? Ingekuwa kama nadai tumetoka sare."

Hilo nakuachia wewe. Una jibu?

Nikamuuliza basi kwa nini aandike kwenye kamusi. Alisema Mama alimtuma asome kwa simu aone kama shamba letu limeandikwa humo. Akakuta "walifukuzwa", akaona ni kweli, akaona pia kuna kitu kimebaki. "Si walisema ni ya kila mtu?" akaniuliza. Halafu akaniuliza kama huyo Fasaha ana kichaa.

Tulimaliza ng'ombe. Nilipokuwa natoka akaniita, akauliza kama ni kweli Nyahururu ina baridi kuliko huku. Nilimwambia sijui, aulize mwenyeji.

Jelagat


Nyahururu
19 Novemba 2011

Wifi,

Wazima.

Nilimwandikia Fasaha kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa jina langu kamili. Nilimwambia ile sentensi irudishwe, kwamba aliyeandika alikuwa nje ya lango na mimi nilikuwa ndani, na kama anataka rejeo, sisi ni wawili. Alikaa siku kadhaa. Akajibu kwamba ushuhuda wa mtu binafsi hauruhusiwi, kanuni ni kanuni. Nilikuwa naandaa matusi. Halafu nikaona ameniandikia tena, pembeni, kwenye ukurasa wangu: "Sina ruhusa ya kuiacha. Lakini nimeisoma." Hata hakusahihisha sarufi yangu.

Kwa hivyo haiko kwenye makala. Watu wakisoma Kaptich hawataikuta. Nimekaa na jambo hilo, nikaona kwamba aliyehitaji kuisoma ameisoma.

Hapana, sina jibu la sare. Nina hasira nyingi ambazo sasa hazina pa kwenda, zinatembea tu ndani ya nyumba. Miaka mitatu nimemlaumu mtu kwa kutokuja, na alikuja mara mbili. Jana nilimpigia Faith kelele kwa sababu ya kijiko.

Kaptich mimi sirudi. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Siwezi kununua sukari kwa watu wale nikihesabu nani alikuwa wapi. Lakini mwambie kaka yako kwamba ndiyo, huku kuna baridi. Aje na koti.

Nyakio


Yamumbi
10 Januari 2012

Nyakio,

Sijui nianze na salamu za nani, maana wote wako kwako.

Vincent alipewa ujumbe wako siku ile ile ilipofika barua. Alisema "sawa" akaenda kukamua. Nikadhani limeishia hapo. Baada ya Krismasi akawapa ng'ombe binamu yetu awaangalie, akanyoa ndevu, akanunua koti la mtumba ambalo mikono inaishia kwa kiwiko. Wazee walisema mwanaume haendi kuishi kwa ukweni. Mama akawaambia mwanaume akioga na kunyoa bila kuambiwa, usimzuie.

Nitakuambia ukweli. Nilipokubali kuandika kile kitenzi nilikuwa na hesabu yangu. Nilifikiri ukiona kimeandikwa na mtu wa kwetu utarudi, na tutakaa tena nyuma ya kisiagi tukiwacheka watu. Sikuwahi kufikiri kwamba atakayetoka ni yeye. Nilimsindikiza mpaka mjini nikiwa na uso wa mwalimu wa zamu.

Na huko ndiko mambo yaliharibika. Mama alisema anatusindikiza mpaka kwa gari tu. Alikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, cha wajukuu. Gari lilipojaa, akasema hawezi kumpa Vincent kibuyu, atakimwaga. Akaingia. Akasema ni wiki moja. Mama ambaye Nakuru kwake ni ng'ambo!

Leo ni wiki ya pili. Nampigia Vincent, anasema Mama amelala. Saa nne asubuhi?

Kaka nimekupa. Mama nirudishie. Nyumba ya Kaptich imekuwa kubwa, na ndama wa diwani anapiga kelele mlangoni akimtafuta.

Jelagat


Nyahururu
2 Februari 2012

Jelagat,

Mama yako hajalala. Yuko jikoni na mama yangu, hawana lugha moja inayowatosha, na wamekubaliana kabisa kwamba mimi sijui kupika.

Walifika na vumbi mpaka kwa nyusi. Mama yangu ndiye alifungua mlango. Alimtazama Vincent, akatazama lile koti.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umechelewa."

"Najua."

Akasogea akampisha. Kiptoo alijificha nyuma ya Faith, naye Faith akamwambia babake kwamba koti ni la mtoto. Vincent alivua akampa Kiptoo, na kweli lilimtosha karibu sawa.

Hatuongei sana. Ametengeneza mfereji wa paa na mlango wa choo, sasa anazungukazunguka akitafuta kilichoharibika. Majirani wengine wanamsalimia, wengine wanamuuliza jina mara mbili, na yeye analitaja mara mbili. Jumapili tulikaa kwa ngazi, nikamwambia kuhusu foleni ya unga, kwamba sikugeuka. Akasema afadhali sikugeuka, kwa sababu alikuwa anakimbia vibaya. Nililia nikicheka, na watoto wakatoka kutazama kuna nini.

Nilipomwambia mama yako kwamba unamtaka, alisema harudishwi kama mzigo. Amesema shule zikifunga Aprili uje umchukue wewe mwenyewe, ukae angalau mwezi, na usije na vitabu vya kusahihisha. Nilimwambia hatuna kitanda cha ziada. Tangu asubuhi Vincent yuko nje anapiga mbao msumari.

Nyakio